Chini, Chini, Mshike Chini

Kama umealikwa harusini Buyenzi au Nyakabiga, mitaa ya Bujumbura, miaka hii ya karibuni, bila shaka umemsikia Hayat kabla hujamwona. Ndiye anayesimama mlangoni mwa ukumbi na kipaza sauti mkononi, mtandio wa rangi ya ndimu begani, akimsifu bibi harusi kuanzia kisigino hadi utosi, mpaka mashangazi waliokuja wamenuna wanajikuta wanapiga vigelegele kama wengine. Sauti yake ina mkwaruzo, kama gari la zamani linalowashwa asubuhi, lakini ikishashika moto haizimiki. Spika zake mbili, ndefu kama milango ya kabati, aliachiwa na marehemu baba yake, fundi redio aliyejulikana mtaa mzima. Ulimi wake mwepesi, watu husema, ameutoa kwa mama yake, ingawa Mama Saliha mwenyewe hulikana jambo hilo kila anaposikia.

Michezo haikumshughulisha kabisa. Hata siku ambazo mji mzima ulikuwa ukipiga kelele za mpira wa miguu, yeye alikuwa akipanga viti vya wageni na kugombana na wapishi wa pilau. Raga iliingia nyumbani kwao kupitia mdogo wake wa mwisho, Twahiru, mwanafunzi wa chuo kimoja cha biashara, kijana mwembamba mwenye miguu ya haraka. Alirudi jioni moja fulana imechanika, goti lina mchubuko, na uso umejaa furaha.

“Nimeingia timu ya raga,” akasema.

“Raga ndiyo nini?” akauliza Mama Saliha.

“Ni mpira, Mama, ila una umbo la yai. Unaubeba mkononi, unakimbia nao, na watu wa timu ingine wanataka kukuangusha.”

“Na we unakubali?”

“Ndiyo muchezo wenyewe, Mama.”

Mama Saliha alimtazama kama mtu anayetazama sufuria iliyoungua, kisha akarudi jikoni.

Twahiru alikuwa na kipaji. Haukupita muda wakampa fulana ya namba kumi, na katika raga namba kumi ndiye mwenye akili ya timu: mpira unapotoka kwenye msongamano wa wanaume wakubwa, humfikia yeye, naye huamua kufumba na kufumbua kama ataupiga teke, atampa mwenzake au atachomoka nao mwenyewe. Timu ya chuo chake iliitwa Mamba, na ilianza kushinda. Tatizo lilikuwa watazamaji. Watu waliopita kando ya uwanja wao wa nyasi, upande wa Kigobe, walisimama kidogo, wakaona watu wamerundikana juu ya mpira, wakadhani ni ugomvi, wakaenda zao.

“Da Hayat,” Twahiru akamwambia dada yake, “muchezo wetu ni mzuri, lakini hakuna mutu anauelewa. Lete mashine zako utuelezee watu.”

“Mi mwenyewe siuelewi!”

“Nitakufundisha.”

Akamfundisha mezani, kwa vikombe vya chai na kifuniko cha sukari. Jumamosi iliyofuata Hayat akafika uwanjani na spika zake juu ya tuk-tuk, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akawasha. Alieleza raga kwa lugha aliyoijua. Mpira ndio bibi harusi, akasema. Hawa wanataka kumfikisha ukumbini, kule nyuma ya mstari, na wale ni wajomba waliokataa ndoa. Ukimfikisha ukamkalisha chini, ndoa imefungwa! Watu waliokuwa wakipita barabarani wakacheka, wakaingia. Juma lililofuata wakaja na wenzao. Kabla ya nusu ya msimu, kandokando ya uwanja palikuwa hapana pa kukanyaga. Akina mama walileta maandazi, wachoma mishikaki wakasogeza majiko, na wanafunzi wa vyuo vyote wakawa wanakuja hata kwenye mechi zisizowahusu, ili mradi Hayat yupo.

Kilichowapandisha watu mori kuliko vyote kilikuwa plakaji, yaani pale mchezaji anapomrukia mwenye mpira na kumwangusha. Kila plakaji kali Hayat aliipigia kelele, na kila mwangushaji hodari alimbatiza jina. Bonfils, mwanafunzi wa sheria aliyechezea timu ya Radi, mwenye mabega yaliyojaza mlango, alimwita Ukuta. “Ukuta umesogea!” alikuwa akipaza sauti, na umati ukiitikia, “Ukuta!” Bonfils alilipenda jina hilo. Kila alipolisikia alinyanyua kifua, na plakaji yake iliyofuata ilikuwa kali zaidi na ya juu zaidi.

Siku ya nusu fainali ya vyuo walikutana Mamba na Radi. Kabla ya mchezo, mwamuzi alimwomba Hayat kipaza sauti. Huyo alikuwa Médiatrice, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule moja ya Kinindo, mwanamke mrefu mwenye mapaja ya mkimbiaji na sura isiyotaka mzaha.

“Kuanzia leo tunafuata sheria mpya,” akasema. “Mwenye mpira ataangushwa kwa kushikwa chini ya kifua. Tumbo, kiuno, mapaja, miguu, sawa. Mabega, shingo na kichwa, marufuku. Na utamshika kwa mikono yote miwili, humgongi kwa bega kama mbuzi. Atakayegusa kichwa cha mwenzake anatoka.”

Umati ukazomea. Wachezaji wengine wakatazamana wakicheka pembeni mwa mdomo. Hayat aliporudishiwa kipaza sauti chake, naye hakuiacha nafasi ipite.

“Haya jamani, mumesikia! Leo tunashikana kama watoto wa chekechea!”

Watu wakaangua kicheko. Médiatrice akamwangalia mara moja tu, akapuliza filimbi.

Mchezo ulianza kwa kasi. Joto la mchana lilikuwa limetulia, na upepo kutoka ziwani ulikuwa ukiisukuma mipira ya juu kuelekea milima. Mamba walitangulia, Radi wakasawazisha, Mamba wakatangulia tena. Twahiru alikuwa katika siku zake nzuri. Aliupiga mpira ukatambaa nyuma ya walinzi, akaufuata mwenyewe. Alijifanya anatoa pasi kushoto, akachomokea kulia. Hayat alimfuata kwa sauti hadi koo likamkauka. “Anakuja mutoto wa Buyenzi! Anawapita kama sabuni mkononi! Mshikeni kama mnaweza!”

Kipindi cha pili kilikuwa kimefika katikati. Twahiru alipata mpira karibu na mstari wa kati, akawapita wawili, akaona mwanya. Bonfils alikuwa akija kutoka upande.

“Ukuta huyo!” Hayat akapaza sauti. “Ukuta unakuja!”

“Ukuta!” umati ukajibu.

Bonfils hakuinama. Alikuja amesimama wima, bega mbele, na bega lile likampata Twahiru kwenye taya. Mlio wake ulisikika hadi kwenye kiti cha plastiki. Twahiru alirushwa nyuma, kisogo kikagonga nyasi, mpira ukadunda peke yake ukaenda zake. Hakuinuka. Mkono wake mmoja ulibaki umenyooka hewani, mgumu, kisha ukashuka polepole.

Hayat alisimama. Kinywa kilikuwa wazi na kipaza sauti kilikuwa mbele yake, lakini kwa mara ya kwanza tangu akizoee, hakikutoka kitu. Kama maji yaliyopasua ukingo, umati ukamwagika uwanjani. Walikuja na chupa za maji, na mashati ya kupepea, na kila mmoja na ushauri wake. Bonfils alikuwa amepiga magoti, mikono yake tayari imeingia chini ya mabega ya Twahiru amnyanyue.

“Musimuguse!” Médiatrice alikuwa akipaza sauti kwa nguvu zote katikati ya watu wale. “Shingo yake! Musimuinue!” Hakuna aliyemsikia. Akageuka kuelekea kwenye spika, akanyoosha mkono. “Hayat! Sema nao!”

Jina lake lilimwamsha.

“Tokeni uwanjani!” Spika zilitetemeka. “Wote! Bonfils, acha mikono! Toa mikono chini ya ndugu yangu! Akiwa ameumia shingo, ukimwinua utamlemaza! Rudini nyuma! We wa kofia nyekundu, nakuona, rudi nyuma! Akina mama, washikeni watoto wenu! Nyuma, nyuma, nyuma!”

Na wakarudi. Sauti waliyoizoea kuwaingiza ukumbini sasa iliwatoa, hatua kwa hatua, mpaka katikati ya nyasi wakabaki wachache tu: Twahiru chali, Médiatrice amelala kifudifudi nyuma yake akikishika kichwa chake kwa viganja viwili kisigeuke upande wowote, na Bonfils kando, amekaa, amejifunika uso.

“Twahiru,” Médiatrice akaita. “Unanisikia? Usitikise kichwa. Sema na mdomo.”

Macho ya Twahiru yalifunguka. Yalizunguka mbingu kwa muda.

“Bibi harusi amefika?” akauliza.

Hayat, aliyekuwa amekwisha kimbia hadi pale na kuacha mashine zake zikivuma peke yake, alicheka na kulia kwa pamoja. Hakujua lipi linatangulia.

Wauguzi wa gari la wagonjwa walipokipokea kichwa cha Twahiru, Médiatrice aliinuka akamwonyesha Bonfils kadi nyekundu. Mchezo ukaendelea baada ya gari la wagonjwa kuondoka, na Mamba, dhidi ya timu iliyopungukiwa mtu, wakashinda. Hayat hakuuona. Alikuwa ndani ya gari, amekishika kiganja cha mdogo wake, akijibu swali lile lile lililorudi kila walipokata kona: “Tumeshinda?”

Kliniki walipofika, daktari mmoja aitwaye Elsa, msichana mwenye sauti tulivu, alimpima kwa muda mrefu. Alibonyeza shingo, akaagiza picha, akamwambia asimame kwa mguu mmoja, ataje miezi ya mwaka kinyumenyume. Mama Saliha alifika na tasbihi mkononi na kanga imefungwa ovyo. Alikaa kwenye korido, midomo ikicheza kwa dua. Elsa alipotoka, wote wawili walisimama.

“Shingo haina shida,” akasema. “Hakuna kilichovunjika.”

“Alhamdulillahi,” Mama Saliha akasema, akarudi kukaa.

“Ila ubongo umetikisika. Utapona, lakini unahitaji kupumzika. Hakuna kukimbia, hakuna kuruka, na raga apana, mpaka mimi mwenyewe niseme. Tutamrudisha polepole. Akigongwa tena kabla hajapona, hapo ndipo kuna hatari kubwa kweli.”

Twahiru aliyasikia kutoka kitandani. “Docteur, fainali ni Jumamosi ijayo!”

“Basi utaiangalia.”

“Mi niko sawa! Nimetaja miezi yote!”

“Uliruka Agosti mara mbili,” Elsa akasema.

Mama Saliha alikuwa na uamuzi wake mwenyewe, na aliutoa palepale. Raga imekwisha. Si Jumamosi ijayo tu, milele. Twahiru aligeukia ukutani. Hayat alisimama katikati ya mama na mdogo wake. Akamfunika mdogo wake shuka, akamshika mama mkono.

Kesho yake Bonfils alikuja nyumbani kwao Buyenzi. Alisimama nje ya mlango na mfuko wa machungwa, ameinamisha kichwa ili asigonge fremu. Mama Saliha ndiye aliyemfungulia.

“We ndiye Ukuta?”

“Ndiyo, Mama. Jina langu Bonfils. Nimekuja kuomba radhi.”

“Ingia. Kaa pale.”

Alikaa kwenye kochi kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Twahiru alimpa mkono, wakacheka kidogo. Bonfils alieleza kwamba amefungiwa asicheze hadi amalize mafunzo ya kuangusha kwa usalama, na kwamba hakutaka kumuumiza mtu. Ndivyo alivyozoea, kwenda juu. Watu walipenda.

“Na hilo jina la Ukuta,” Mama Saliha akauliza, “ulipewa na nani?”

Bonfils alitazama machungwa. Twahiru alitazama dari. Hayat alihisi masikio yakipata moto, akainuka akaenda kupasha chai ambayo ilikuwa bado inachemka.

Mafunzo yalikuwa jioni ya siku iliyofuata, na Hayat alikwenda. Hakumwambia mtu kwa nini, labda hakujua. Médiatrice alikuwa na wachezaji wa vyuo vyote kwenye nyasi, na mifuko ya turubai iliyojazwa vitambaa. Aliwaonyesha: macho yatazame mapaja ya anayekuja, usitazame uso wake, pinda magoti, kichwa kiende pembeni, shavu libandikwe kwenye paja, kichwa kibaki nyuma ya mwili wa mwenzako, kamwe kisiwe mbele, mikono izungushe, ifunge, kisha miguu yako isukume. Bonfils alishindwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara alijikuta amesimama.

“Kimo changu ndicho kinachonizuia,” akalalamika.

“Ni mazoea,” Médiatrice akasema. Kisha akamwona Hayat amesimama kando, mikono kiunoni. “Na we, mama wa chekechea? Unaona ni rahisi?”

Wachezaji wakaguna kwa furaha. Hayat akatabasamu, akajua ametegwa, na asili yake haikumruhusu kukimbia.

“Nipe suruali ya mazoezi,” akasema.

Alirudi kutoka chumba cha kubadilishia nguo amevaa suruali ya mtu mwingine chini ya gauni lake, gauni amelikunja na kulifunga kiunoni, mtandio ameukaza chini ya kidevu kama anayekwenda kulima. Médiatrice mwenyewe akachukua mpira na kurudi nyuma, mzito, mrefu, akimzidi Hayat kimo kwa kichwa na mabega.

“Nitakuja polepole. Tazama mapaja.”

Alikuja. Si polepole sana. Hayat aliona tu suruali ya bluu inakaribia, akapinda magoti, akafumba jicho moja, akatupa shavu kwenye paja, akazungusha mikono na kusukuma kama anayesukuma gari lililokwama. Kwa nukta moja hakuna kilichotokea. Halafu, kama mti uliokatwa, yule mwanamke mrefu akaanza kwenda. Wakaanguka wote, mpira ukachomoka, na Hayat akajikuta juu ya miguu ya mwamuzi wa Bujumbura nzima, nyasi mdomoni.

Kelele zilizopigwa! Bonfils alikuwa akiruka kama mtoto. Hayat aliinuka, akatema nyasi, macho yanawaka.

“Ameanguka!” akapiga kelele. “Mumeona? Mi huyu, mutu wa pilau, nimemwangusha mwalimu! Tena!”

“Mara moja inatosha,” Médiatrice akasema kutoka chini, akicheka kwa mara ya kwanza tangu wajuane. “Umeelewa?”

Alikuwa ameelewa, na si kwa kichwa tu. Mikono yake ilikuwa imeelewa. Mtu, awe mkubwa kiasi gani, akiondolewa miguu hana pa kusimama. Na mwangushaji haumii, na mwangushwaji anaanguka kama mtu anayekalishwa. Njia yote ya kurudi nyumbani alikuwa akinong’ona maneno, anayapima kwa ulimi, anapiga mapigo yake kwenye paja. Bonfils naye, kabla Hayat hajaondoka, alikuwa ameangusha mfuko kwa namna ipasayo, kisha mwenzake, kisha mwingine, na kila mara alimtazama Hayat kuona kama ameona.

Jumamosi ya fainali uwanja ulijaa mapema. Mamba walikabiliana na timu ya Vilima, waliokuwa na Adrien, mshambuliaji mwenye shingo nene ambaye msimu mzima hakuna aliyemwangusha akiwa peke yake. Fulana ya namba kumi alivaa Tajudini, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mkimya, ambaye alikuwa amecheza dakika chache tu msimu huo na sasa alikuwa akifunga na kufungua kamba za viatu vyake bila kukoma. Twahiru alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya dada yake. Amri ya Elsa ilikuwa haina nyongeza: akae. Alikaa, magoti yakicheza.

“Mabibi na mabwana!” Hayat akaanza, na mkwaruzo ukashika moto. “Leo hakuna Ukuta. Ukuta ukienda juu sana utatuangukia. Leo nataka muniitikie neno lingine. Mwenye mpira akija, tunamshika wapi?”

Watu wakatazamana.

Akawapa mwendo, ule ule wa kumtoa bibi harusi chumbani: “Chini, chini, mshike chini!” Akapiga makofi mawili. “Chini, chini, mshike chini!” Safu ya mbele ya akina mama ikaudaka, maana mwendo ule waliujua tangu usichana wao, na vigelegele vikafuata. Muda si mrefu uwanja mzima ukawa unaimba.

Na mchezo ukaanza, na ulikuwa mchezo kweli. Plakaji ya kwanza ya Mamba ilikuwa kwenye magoti, safi, na Hayat aliisifu kama anavyosifu mapambo ya dhahabu. “Ametia pingu! Pingu za harusi, mwili mzima upo sakafuni na kichwa chake kiko salama!” Mchezaji aliyeangusha alinyanyua ngumi. Wa pili akataka sifa hiyo, wa tatu pia. Vilima nao, kwa kuwa kipaza sauti hakibagui, wakashuka chini. Twahiru alimnong’oneza sikioni kila kitu: nani anajificha upande wa kulia, kwa nini Tajudini amesogea nyuma. Hayat aliyabeba yale na kuyarusha hewani.

Tajudini alianza vibaya. Mpira wa kwanza ulimponyoka, wa pili akaupiga nje. Twahiru aliinuka kwenye kiti.

“Mwambie apumue! Mwambie aangalie upande wa ziwa, kuna nafasi!”

“Tajudini!” Hayat akasema, si kwa kelele, kama anayezungumza na bwana harusi mwenye woga. “Pumua, mdogo wangu. Tuko pamoja na we. Angalia ziwani, kuzuri.”

Watu wakacheka kwa upole, na Tajudini akatazama ziwani, na nafasi ilikuwepo. Mpira wake uliofuata ulipaa, ukashuka nyuma ya walinzi wote, winga wa Mamba akaudaka akaukalisha chini. Ndoa ikafungwa! Hayat alishika mtandio asije akaupoteza.

Waliingia dakika za mwisho Mamba wakiwa mbele kidogo, bao moja la Vilima lingewamaliza. Na ndipo Adrien alipopata mpira. Aliwapangusa wawili kama anapangusa mavi ya kuku kwenye kiatu, akatoka kwenye uwazi, na mbele yake, kati yake na mstari, alibaki mtu mmoja. Tajudini.

Twahiru alimshika dada yake mkono, kucha zikaingia. Hayat alitaka kusema kitu kirefu, kizuri, na hakuweza, kwa sababu umati ulikuwa umemtangulia. Akina mama, wanafunzi, wachoma mishikaki, Bonfils mwenyewe aliyesimama nyuma ya kamba na sauti yake ya radi, wote kwa pamoja:

“Chini, chini, mshike chini!”

Adrien alikuja. Tajudini alipinda magoti. Alionekana mdogo kama mtu anayeokota kitu. Kichwa kikaenda pembeni, shavu kwenye paja, mikono ikafunga, na yule mtu ambaye hajawahi kuangushwa akaburuta hatua moja, akaburuta nyingine, akaenda. Mpira ulimtoka mikononi. Mamba wakaurukia. Médiatrice alitazama saa yake, akapuliza filimbi ndefu, na Hayat, mwenye maneno ya harusi mia, alisema neno moja tu, akalirudia mpaka spika ya kushoto ikakata sauti:

“Ameanguka! Ameanguka! Ameanguka!”

Watu waliingia uwanjani, na safari hii hakuna aliyewazuia. Adrien aliinuka, akajipangusa, akamwinua Tajudini begani kabla wenzake hawajamfikia. Twahiru alibaki kwenye kiti, maana alikuwa ameahidi, akilia na kupiga makofi juu ya kichwa kilichokuwa bado kinauma kidogo.

Elsa alimrudisha polepole kama alivyosema: kutembea kwanza, kisha kukimbia, kisha mpira bila kuguswa. Kila hatua kichwa kilipouma, walirudi nyuma. Mama Saliha alishikilia neno lake wiki zote za mwanzo. Hakuna aliyebishana naye. Ila Hayat alimleta Médiatrice nyumbani kunywa chai, na wale wawili walikaa jikoni mlango umefungwa kwa muda mrefu. Walipotoka, Mama Saliha alisema atakuja kuona kwa macho yake, halafu ataamua.

Alikuja siku Twahiru aliporudi kuvaa namba kumi, katika mechi ya kirafiki dhidi ya Radi. Alikaa safu ya mbele kabisa, kanga mpya, viganja viwili tayari kando ya uso. Na kwa kuwa mambo huwa hivyo, mara ya kwanza Twahiru alipochomoka na mpira, aliyekuja kumkabili alikuwa Bonfils. Mama Saliha alifumba macho, akajifunika kwa kanga. Umati ukaimba. Bonfils alishuka, mkubwa vile vile, akakunjika kama kiti, akamkumbatia Twahiru mapajani na kumlaza kwenye nyasi.

“Ameamka?” Mama Saliha akauliza kutoka ndani ya kanga. “Hayat! Mutoto ameamka?”

Hayat angeweza kumjibu kwa sauti ya kawaida, walikuwa wamekaa karibu. Lakini alikileta kipaza sauti mdomoni.

“Ameamka, Mama! Ameinuka, anacheka, na mpira bado anao!”

Mama Saliha akateremsha kanga kidogo, jicho moja. Mwanawe alikuwa tayari anakimbia upande wa pili wa uwanja. Akateremsha na lile lingine.

“Mbona wenzake hawamfuati?” akasema kwa hasira. “Waambie wamfuate!”